Hewa Iliyochacha

Mama alikuja kwangu Goba, Dar es Salaam, Novemba 2018, jicho la kulia limekwisha kuzibwa na mtoto wa jicho na la kushoto likielekea huko huko. Tulipanga apasuliwe la kwanza Januari, apumzike wiki chache, lifuate la pili, kisha arudi zake Tanga kwenye minazi yake. Sukari yake haikukubali kushuka. Jicho la pili likaahirishwa mara mbili, na ugeni wa miezi mitatu ukawa wa miezi kumi.

Muda wote huo alilala chumba cha mbele. Ukutani, juu ya upande wa miguuni wa kitanda chake, kulikuwa na kiyoyozi nilichomfungia Desemba ile ile. Daktari alitaka jicho lililopasuliwa lisiingiwe na vumbi wala jasho, na Januari ya Dar es Salaam anayeijua anaijua: kaskazi inavuma, lakini inavuma joto, na shati linaloa kabla hujafunga kifungo cha mwisho. Barabara ya mtaani kwetu ni ya vumbi. Malori ya mchanga yanapita tangu alfajiri kwa sababu kila kiwanja kina nyumba inayopanda. Ukiacha dirisha la chumba kile wazi, baada ya saa moja unaweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya meza. Kwa hiyo nikajikamua, nikanunua mashine ndogo ya BTU 9,000, saizi ya chumba cha mita tatu kwa nne, nikafunga dirisha, nikaona nimetimiza wajibu wangu kwa mzazi.

Mama mwanzoni alikiogopa. Alikulia Pangani, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene na dari ya juu, ambamo upepo wa mto na wa bahari ulijua pa kuingilia na pa kutokea. Hewa inayotoka ukutani kwa kubonyeza rimoti haikumwingia akilini. Baada ya wiki mbili alizoea, akakiita "chombo". Akiswali Alasiri anakaa kitandani na tasbihi yake, redio imewashwa kwa sauti ya chini, na kila jioni anatia ubani kwenye chetezo, kwa maana chumba kisicho na harufu nzuri anakiona kama kimehamwa. Hata baada ya jicho la kwanza kupasuliwa, macho yalikuwa bado hayamsaidii. Siku nzima alikuwa na masikio yake na pua yake.

Mwishoni mwa Machi aliniambia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeingia kumpa dawa za usiku.

"Baba, hewa ya chombo hiki imechacha."

Nikamwambia ni moshi wa ubani, labda apunguze. Akanyamaza. Siku ya tatu akarudia kwa maneno mengine: "Na sauti yake imebadilika. Kilikuwa kinapuliza. Siku hizi kinavuta, kama mtu wa pumu." Nikasimama chini ya mashine, nikanyoosha mkono, nikahisi ubaridi, nikamwambia kiko sawa. Nilimjibu kwa upole, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba ni uzee, na kukaa ndani sana, na kutoona. Nimeshayakumbuka mazungumzo yale mara nyingi. Mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile alikuwa akivuta hewa ya mashine ile saa kumi na nne kwa siku, na ndiye pekee ambaye sikumwamini.

Aprili ikaja na masika. Unyevu ukazidi, ubaridi ukapungua. Nikashusha rimoti kutoka 25 hadi 20, kutoka 20 hadi 16, nikidhani ninaongeza nguvu. Namba ile haiongezi nguvu. Ni mahali pa kusimamia: unaiambia mashine isipumzike mpaka chumba kifike hapo, na kama hewa haipiti, chumba hakifiki, mashine haipumziki. LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kunisimulia hadithi ambayo sikuisoma. Uniti 100 zilizokuwa zikitutosha siku kumi na tatu zikawa hazifiki siku kumi. Nikamgombeza binti yangu kuhusu pasi na jiko la umeme. Nilimwonea.

Usiku mmoja Mama aliniita kwa sauti ya hofu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mashine mpaka kwenye shuka. Nilipozima na kuchungulia kwa tochi ya simu kwenye mapengo ya mashine, niliona weupe. Ilikuwa barafu, ndani ya chumba cha Goba, mwezi wa Aprili.

Nikaita fundi. Kijana, mwenye adabu, alimwamkia Mama vizuri. Aliweka geji yake kwenye mashine ya nje ikiwa bado inafanya kazi, akanionyesha mshale: presha iko chini. "Gesi imepungua, bosi." Akazima mashine, akakaa nje karibu saa nzima akifungua na kufunga, akaongeza gesi, nikalipa shilingi 70,000. Tulipowasha, chumba kikapoa kama siku ya kwanza. Nikamshukuru Mungu. Baada ya siku tisa barafu ikarudi. Kijana naye akarudi, geji ikaonyesha presha iko chini, akaongeza gesi, nikalipa tena.

Sitamwita mwizi, kwa sababu nilikuja kuelewa kilichomdanganya, na kilinidanganya mimi pia. Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi. Kinachukua joto la chumbani na kulipeleka nje. Ndani ya mashine ya ukutani kuna koili, mabomba membamba yanayopita katikati ya vibati vya alumini vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Ndani ya mabomba gesi inapita ikiwa kimiminika, inachemka kwa ubaridi mno na kugeuka mvuke, na ili ichemke inahitaji joto. Joto hilo inalipata kwenye hewa ya chumba ambayo feni inaivuta na kuipitisha juu ya vibati. Sasa, mbele ya vibati kuna chujio. Chujio likiziba, hewa haifiki. Gesi inakosa joto la kunywa, haichemki inavyopaswa, na presha inashuka. Geji inaonyesha presha iko chini, na inasema kweli. Ila yenyewe haisemi kwa nini. Wakati huo huo koili, kwa kukosa hewa ya joto, inashuka chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa chumba ambao kwa kawaida unadondoka kama maji na kutoka nje kwa mpira unaganda palepale. Barafu inaziba kilichobaki wazi. Na kwa nini kilipoa vizuri kila baada ya kijana yule kuondoka? Kwa sababu alikizima saa nzima, barafu ikayeyuka. Tulilipia gesi, tukafurahia kuyeyuka kwa barafu.

Mei, binti yangu, ambaye alikuwa akilala na bibi yake, alianza kukohoa usiku. Ndipo nikatafuta mtu mwingine, na mtu huyo sikuhitaji kwenda mbali kumpata. Hapa inabidi niseme kazi yangu.

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka kumi na minane. Stoo yetu ya karatasi ina viyoyozi, na havikuwekwa kwa ajili ya watu. Karatasi inakunywa unyevu. Ikinywa inatanuka kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, lakini unapochapa picha ya rangi, wino mmoja baada ya mwingine, rangi ya pili haikai pale ilipokaa ya kwanza, na uso wa bibi harusi unatoka na midomo miwili. Ni tatizo la zamani. Mwaka 1902, katika kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York, tatizo hilo hilo ndilo lililomfanya mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, abuni mtambo wa kupoza hewa na kuitoa unyevu. Kiyoyozi cha kisasa kilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Watu walikuja baadaye.

Kwenye mlango wa stoo yetu kuna fomu imegundishwa ndani ya plastiki. Ina tarehe, jina la kazi na sahihi. Kila baada ya wiki mbili: machujio yameoshwa, sahihi. Mlango ule nilikuwa ninaupita kila asubuhi. Fundi anayetia sahihi ni mzee mmoja aliyeishi Maskati miaka kumi na moja akifanya kazi hiyo hiyo ya viyoyozi, katika majumba ambayo mara nyingi alikuta wenyewe wanaongea Kiswahili kuliko yeye, watu wenye asili ya Unguja. Nilimweleza shida yangu tukiwa kwenye foleni ya chai. Hakuuliza habari ya gesi. Aliniuliza, "Chujio umelitoa lini?"

Nikamwambia sijui kama linatolewa.

Akaniangalia kwa muda. Kisha akasema atakuja Jumamosi.

Alifika saa tatu asubuhi, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Mama, akakaa kwenye kigoda chini yake kabisa na kumuuliza yeye kabla ya kugusa chochote. "Mama, wewe ndiye unalala hapa. Kinasumbuaje?" Mama akageuza uso kuelekea ile sauti. Akamweleza yote: harufu ilianza lini, sauti ilibadilika lini, kwamba kikiwashwa asubuhi harufu ni kali kisha inapungua, kwamba upande wa kushoto kinapuliza kuliko wa kulia. Mzee anaitikia tu, "Naam. Naam." Mimi nimesimama mlangoni kwangu mwenyewe. Mambo mengine pale nilikuwa ninayasikia kwa mara ya kwanza.

Alizima mashine kwa rimoti, kisha akazima swichi yake ya ukutani, akapanda kwenye kiti, akashika uso wa plastiki pande zote mbili, akauinua. Hakutumia bisibisi. Ulifunguka kama mfuniko wa sanduku. Ndani yake kulikuwa na vipande viwili vya wavu wa plastiki. Alikisukuma kimoja juu kidogo, akakivuta chini kuelekea kwake taratibu, akanipa.

Nilidhani ni kitambaa. Kilikuwa kizito mkononi, kijivu, chenye manyoya, na vumbi limeshikamana kiasi kwamba ningeweza kulibandua kama ngozi ya mnyama. Ndani yake niliona nyuzi za khanga za Mama, nywele za binti yangu, mchanga wa barabara yetu uliosagika kuwa unga. Nilipokisogeza puani nikaipata ile harufu: ubani uliooza. Moshi wa ubani una mafuta, unanata, na kila kinachopita baada yake kinashikwa. Mama alikuwa amesema kweli kwa usahihi wa daktari. Hewa ilikuwa inapita katikati ya uchafu wenye unyevu kabla ya kumfikia, usiku kucha, kwa miezi mitano. Ilikuwa imechacha.

Mzee akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Za kiwandani ninaosha kila wiki mbili, mwanangu. Ungeniambia una mgonjwa."

Karatasi za tajiri zilikuwa zinavuta hewa safi kuliko mama yangu. Neno hilo sikuambiwa na mtu. Nilijiambia mwenyewe, nimeshika lile tambara la vumbi, na mpaka leo bado linanichoma.

Kisha akanituma nje nikaoshe chujio. Mimi, siyo yeye. Nikaligonga gonga kwanza likaangusha vumbi kavu, na hapo nikajua kwa nini alinitoa ndani. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu, yasizidi joto la nyuzi 40, kwa maana wavu ule unajikunja kwa maji ya moto. Ukimwagia maji, yaanzie upande wa ndani, ule uliokuwa unaelekea koili, ili vumbi lisukumwe kutoka kule lilikoingilia. Ukimwagia upande wenye vumbi unalisindilia kwenye matundu. Sabuni ya maji ya vyombo, matone machache. Mswaki mkuukuu wenye nywele laini, kwa mkono mwepesi. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, ya pili rangi ya udongo wa Goba, ya tano yakatoka maji. Nilipoliinua juani niliona kupitia katikati yake, nikaona mnazi wa jirani umekatwa kuwa vipande vidogo vidogo vya mraba. Sikuwa nimejua kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kuona kupitia kwake.

Ndani, Mzee alikuwa na kazi ambayo si ya kila mtu. Alitandaza nailoni juu ya kitanda na ukutani, akasafisha vibati vya koili kwa brashi laini kuelekea chini, kufuata mistari yake. Vibati vile vinapinda kwa kuguswa vibaya, na vinakata vidole kama wembe. Alisafisha feni ya ndani, ile ndefu kama mgongo wa samaki, ambayo kila ubao wake ulikuwa na ukoko mweusi wa kuvu. Alizibua mpira wa kutolea maji. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo kwenye mdomo wake kule nje, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya maji kurudi kitandani. Mwisho akashughulikia gesi, na hapa akakunja uso. Kibandiko cha mashine ya nje kimeandikwa uzito wa gesi inayotakiwa, kwa gramu. Yeye aliitoa yote, akaitia kwenye mtungi wake, akaipima kwa mizani, akarudisha ile inayotakiwa. Iliyozidi ilibaki mtungini. Kompresa ilikuwa imesukuma mzigo usio wake kwa wiki kadhaa.

"Gesi hailiwi," aliniambia. "Si mafuta ya gari. Inazunguka tu humo ndani. Kama imepungua, kuna tundu, na tundu linatafutwa, linazibwa, ndiyo unajaza. Mtu akikujazia bila kutafuta tundu, ama anaimwaga hewani ama anaizidisha." Baadaye nilisoma zaidi kuhusu hilo la kuimwaga. Gesi ya mashine yangu ni R-410A, na kilo moja yake ikitoka hewani inaipasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Ninapoona fundi anafungua koki na kuachia "fyuuu" hewani kwa sekunde kadhaa ili asafishe mabomba, siwezi tena kunyamaza.

Alilipisha 40,000. Chumba kikapoa kwenye 25. Mama alilala mchana ule mpaka Alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje. Kikohozi cha binti kilipungua ndani ya wiki. Siwezi kudai kwamba chujio pekee ndilo lililomponya, maana masika nayo yalikuwa yanaisha. LUKU ilirudi kwenye siku zake kumi na mbili, kumi na tatu. Wizara ya Nishati ya Marekani huwaambia watu wake kwamba kuweka chujio safi mahali pa chafu lililoziba kunaweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Kwangu, ambako kulikuwa na barafu juu yake, nadhani ilizidi.

Kuanzia hapo kazi ikawa yetu, na mara ya kwanza niliiharibu. Niliosha vizuri, nikaanika juani juu ya bati la banda la kuku nipate kuwahi msibani. Jua la saa saba likalipinda chujio moja, fremu ikawa kama upinde. Liliporudi mahali pake halikuziba pembe ya chini, pakabaki pengo la unene wa kidole, na vumbi likapata mlango wa moja kwa moja kwenda kwenye koili. Ilinibidi nitafute jingine Kariakoo, duka baada ya duka, nikiwa nimebeba lililopinda, maana kila aina ina umbo lake. Usiku tuliolikosa Mama hakukubali kabisa kiwashwe. Nilitaka kukiwasha bila chujio, usiku mmoja tu. Alikataa. Mzee aliunga mkono siku iliyofuata: chujio linaoshwa bombani kwa dakika tano, koili iliyolishwa vumbi inamhitaji fundi nusu siku.

Kutoka siku hiyo kuanika kulikuwa kwake. Kuna mwarobaini nyuma ya nyumba. Chini yake aliwekewa kitanda chake cha kamba, na machujio yakalazwa hapo kivulini, upepo unapita juu na chini. Hayakurudi ukutani mpaka ameyapapasa mwenyewe kwa kiganja. Unyevu ukibaki, kuvu linaanza upya, na yeye ndiye atakayelivuta. Aliyajua kwa vidole kuliko mimi kwa macho. "Hili bado, hapa pembeni." Na kweli pembeni palikuwa bado.

Nimeulizwa na majirani kila baada ya muda gani. Ninawaambia kwanza watazame barabara yao. Kwetu, kiangazi cha Juni hadi Septemba malori yakiwa mengi, wiki mbili ni nyingi, na kwa anayetia udi au ubani kila siku ni hivyo hivyo mwaka mzima. Rafiki yangu anakaa ghorofa ya saba Upanga, hana vumbi la kutisha, kwake mwezi mmoja unatosha, ila ana chumvi ya bahari inayokula vibati vya mashine ya nje, na hiyo haina uhusiano na chujio. Na ninawaambia jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: wavu ule unazuia vumbi kubwa, nyuzi na nywele. Moshi wa takataka zinazochomwa mtaani unapita kama haupo. Anayedhani amefunga dirisha na sasa ana hewa ya hospitali, bado.

Jicho la pili la Mama lilipasuliwa Agosti 2019. Bandeji ilipotolewa na macho yote mawili yakaona, kitu cha kwanza alichoniomba nyumbani ni kiti. Nilimzuia kupanda. Nikalitoa chujio mimi, nikampa, akalishika kuelekea dirishani, akakitazama kwa muda mrefu kitu ambacho kwa miezi mitatu alikuwa akikijua kwa vidole tu. "Kumbe ni jeupe," akasema.

Septemba akarudi Tanga. Kiyoyozi hataki. Ana upepo wake, anasema. Lakini simu yake ilikuja kila Jumamosi ya pili, asubuhi, baada ya salamu za watoto: "Chombo umekiosha?" Ilipotokea nimesema ndiyo wakati bado, alijua, sijui vipi, na hakunigombeza. Alingoja tu kwenye simu mpaka niseme kweli.

Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikwenda kumsalimia. Alinipeleka msikitini kwao, siyo kwa swala. Msikiti ulikuwa na viyoyozi sita, zawadi ya watu mbalimbali, vinne ukumbini kwa wanaume na viwili juu, upande wa wanawake. Alikuwa ameshazungumza na wazee wa kamati, na vijana wanane walikuwa wanasubiri, wamekunja kanzu. Vile vinne vya chini vilikuwa vichafu kwa kadiri ya kawaida. Fundi alikuwa akiitwa mara moja kwa mwaka. Vile viwili vya juu vilikuwa havijawahi kufunguliwa tangu vifungwe. Fundi ni mwanamume, anakuja saa za swala, anamaliza chini, anaona haya kupanda, anaondoka. Wanawake walikuwa wamelalamika kwamba kule juu kuna joto na harufu. Walikuwa wameambiwa joto hupanda juu.

Vijana walianza kusogeza ngazi kuelekea mihrabu. Mama akawazuia kwa mkono.

"Tunaanza juu," akasema.

Tukapanda juu. Niliinua uso wa mashine ya kwanza, nikakisukuma kipande juu kidogo, nikakivuta chini. Hakikutoka. Vumbi lilikuwa limekigundisha kwenye reli zake. Nilikilegeza kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, Mama akiwa amesimama chini ya ngazi na gazeti limetandazwa mikononi kupokea, na kilipoachia hatimaye, aliinamisha uso juu yake, akanusa, akatikisa kichwa, akamwita binti mmoja aliyekuwa karibu.

"Njoo unuse hii," alimwambia. "Ndiyo mliyokuwa mnaisema."

Kulikuwa na machujio kumi na mawili. Tuliyaosha kwenye mabomba ya kutawadhia, maji ya kahawia yakipita kwenye mfereji mpaka barabarani, na tulipomaliza Mama akachagua mahali pa kuyaanika, ukuta wa mashariki, ambao saa ile ulikuwa umekwisha kupata kivuli.